Saa Tano za Kusikia

Sefu alinunua zile eafoni ili asimsikie mama yake.

Hakusema hivyo, bila shaka. Nyumbani alisema ni za kazi, kwamba wakala wa mizigo kama yeye anaongea na simu kutwa nzima pale bandarini na mikono yake haina nafasi. Lakini kila jioni alipoingia katika nyumba ya mama yake huko Ujiji, walikoishi wote, hata viatu hajavua, alitoa mfukoni kikasha cheupe kidogo kama kipande cha sabuni, akachomoa vidude viwili visivyo na waya, akavipachika masikioni na kujitupa kwenye kochi kama mtu aliyefika mahali salama. Rafiki zake walipomuuliza, alizisifu kama mtu anayesifu ng'ombe wake. Zinaua kelele zote. Zinakaa na chaji saa tano, na ukizirudisha kwenye kikasha chake zinajichaji tena hata kama umeme hakuna. Na ni ndogo, mtu akikutazama kwa mbali hajui kama umevaa kitu.

Mama yake, Bi Saumu, alikuwa anaongea kwa sauti kubwa. Hilo halina ubishi. Nusu ya maisha yake ilipita kwenye mashine ya kusaga unga kule Kasingirima, yeye na marehemu mumewe, mashine ya dizeli iliyofungwa ndani ya chumba cha mabati, ambamo mtu akitaka kukuambia neno ilibidi akuvute kichwa hadi mdomoni pake. Mume alifariki, mashine ikauzwa, lakini masikio ya Bi Saumu yalikuwa yameshaliwa. Yaliendelea kufifia kidogo kidogo, mpaka akabaki kusikia radi, mlango ukibamizwa, na mtu anayempigia kelele karibu na shavu. Na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alipaza sauti. Aliomba chumvi kama anamwita mtu aliye ng'ambo ya ziwa, Kongo.

Walimpeleka hospitali mara moja tu. Daktari akampima, akasema masikio yameharibiwa na kelele na hayaponi kwa dawa, ila viko vifaa vya kumsaidia mtu kusikia, mama atafutiwe. Sefu akajibu, "Tutaangalia." Hakuna aliyeangalia.

Badala yake watu walizoea. Yasmini, mke wa Sefu, alizoea kumwambia mambo kwa mikono: kula, oga, lala. Wageni walizoea kumpungia mkono na kuendelea na mazungumzo yao. Akiulizwa jambo asilisikie vizuri, Bi Saumu alijibu lile alilodhani ameulizwa. Mtu anamuuliza kuhusu mguu wake, yeye anaeleza jinsi ya kukausha dagaa. Watu wanatazamana. Bi Saumu alikuwa akiwaona wakitazamana, maana macho yake hayakuwa na kasoro yoyote, lakini hakujua kule kutazamana kunamaanisha nini.

Alhamisi moja Sefu aliondoka alfajiri na boti ya Kagunga kusindikiza mzigo wa wateja wake hadi mpakani, akasahau kikasha juu ya meza ya televisheni. Bi Saumu alikikuta wakati anapangusa vumbi. Alikuwa amemwona mwanawe akikifungua na kukifunga kwa miezi, na siku zote alitamani kujua kuna nini cha kumfanya mtu mzima atabasamu peke yake. Akafungua. Ndani mlikuwa na vidude vyenyewe, vimelala kama maharage kwenye ganda. Akatupia jicho uani, Yasmini alikuwa jikoni. Akavipachika masikioni.

Kwanza alitishika. Hata ule mngurumo wa mbali aliouzoea ulitoweka, pakawa kimya kabisa, kimya cha kaburini. Akakimbiza mkono kwenye sikio la kulia aking'oe kile kidude, kidole kikakiminya, ndani ya sikio kukalia kengele ndogo sana. Halafu dunia ikaingia.

Mwiko ulikuwa unakwaruza sufuria. Kunguru alikuwa anatembea juu ya bati, kucha zake zinasikika moja moja. Pikipiki ilipita barabarani na kelele zake zikapungua taratibu kadiri ilivyokwenda, na yeye alikuwa ameshasahau kwamba kelele hupungua, hazikatiki tu. "Bismillahi," alisema, na sauti yake mwenyewe ikampiga usoni kama mlango. Akarudia polepole, kwa kunong'ona, "Bismillahi." Akaisikia na hiyo.

Yeye hakujua sababu. Sababu ilikuwa kwamba eafoni zile zilikuwa na namna mbili za kufanya kazi: kuzima kelele za nje, na kuziruhusu ziingie. Hiyo ya pili Sefu alikuwa ameipandisha mpaka mwisho kwenye simu yake, ili bandarini amsikie mteja bila kuzivua. Zikaendelea kukumbuka alivyoziweka. Bi Saumu alichojua ni kwamba ameminya mahali na amerudishiwa masikio. Alikaa sakafuni na kitambaa cha vumbi mkononi, machozi yakimtiririka, akimsikiliza kunguru.

Ndipo akasikia sauti ya mwanamke, laini, yenye kicheko ndani yake. Ilimchukua muda kutambua kwamba ni Yasmini. Miaka yote aliyokaa naye hakuwahi kujua kwamba mkwewe ana sauti nzuri namna ile. Yasmini alikuwa anaongea na simu.

"Jumapili ndiyo wanakuja. Mimi nafikiria tu huyu bibi tumweke wapi. Tutamfungia chumbani na chakula chake, basi... Ajue nini? Akili zilishamtoka huyu, dada yangu, sisi tunakaa na mwili tu. Sefu mwenyewe kanunua vidude vya kuziba masikio, akiingia tu anavipachika. Anasema bila vile angekuwa ameshahamia Bangwe."

Bi Saumu hakusogea. Kwanza alidhani anasemwa bibi mwingine. Mtu huchukua muda kuamini kwamba anayesemwa ni yeye. Kisha damu ikampanda kichwani, na jambo la kwanza alilotaka lilikuwa kutoka pale, kwenda jikoni na kuipindua ile sufuria. Nyumba ni yake. Kochi analojitupia Sefu ni lake. Sufuria inayokwaruzwa aliinunua yeye, kwa unga aliousaga mwenyewe. Mwili tu?

Lakini hakwenda. Alifikiri: hawa wanadhani sisikii, waache wadhani. Akafunga ushungi wake vizuri, ukafunika masikio yote mawili, akainuka na kuendelea kupangusa vumbi.

Baada ya swala ya adhuhuri mwanamke asiyemjua alisema neno la Kizungu ndani ya sikio lake, pakalia mlio, kimya kikarudi. Bi Saumu alishika kichwa akidhani ameviharibu. Akavirudisha kwenye kikasha kama alivyomwona Sefu akifanya. Taa ndogo ikawaka. Alipovivaa tena baadaye, vilikuwa vizima. Hivyo ndivyo alivyojifunza. Vikishiba vinakwenda saa tano. Vikilala kidogo kwenye kikasha vinapata nguvu ya saa moja hivi. Na kikasha chenyewe nacho huona njaa, kinataka kuchomekwa kwenye waya uliokuwa ukining'inia nyuma ya televisheni.

Saa tano si nyingi kwa mtu aliyekosa kusikia muda mrefu namna ile. Akaanza kuzipima kama mtu wa mashine anavyopima dizeli. Akiwa anakula peke yake, alizivua eafoni. Akiwa anafua, alizivua. Adhana ya alfajiri hakuikosa. Sehemu iliyobaki aliitumia kusikiliza watu.

Na aliyoyasikia yalimchoma. Ijumaa alikwenda sokoni. Muuza nyanya aliyekuwa akimwuzia siku zote, mwanamke mcheshi wa kumshika mkono na kumkalisha kwenye kigoda, alimwambia mwenzake akiwa ametabasamu vilevile, "Mwekee hizo za chini zilizolainika. Huyu hajui kitu." Bi Saumu aliupokea mfuko. Akaufungua, akazitoa nyanya mbovu moja baada ya nyingine na kuzipanga mbele ya yule mwanamke bila kusema neno, kisha akamtazama mpaka akainamisha kichwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa anajiuliza ni nyanya mbovu ngapi ameshakula akishukuru.

Jumamosi asubuhi akaja Veneranda.

Veneranda alikuwa mkulima wa kahawa wa Kalinzi, huko milimani, mjane kama yeye na umri wao mmoja. Urafiki wao ulianzia mashineni, Veneranda alipokuwa akishusha mahindi yake na kulala kwa Saumu akisubiri usafiri wa kupanda. Walizaa pamoja, wakazika pamoja. Halafu, tangu masikio ya Bi Saumu yalipozidi kufifia, Veneranda hakuonekana tena. Bi Saumu aliumia, akanyamaza. Akajiambia kwamba watu ndivyo walivyo, ukishakuwa mzigo wanakusahau. Alikuwa na hasira naye ya siku nyingi, hasira iliyokwisha kukauka.

Alikuwa ukumbini nyuma ya pazia, eafoni masikioni, aliposikia pikipiki ikizimwa mbele ya nyumba na sauti nzito anayoifahamu ikisema, "Hodi wenyewe! Mwakeye!"

Salamu ile ya Kiha ilimfanya ashike ukuta.

"Karibu, mama. Shikamoo," Yasmini aliitikia mlangoni.

"Marahaba. Nimekuja kumwona Mama Sefu. Na leo usinirudishe, mwanangu. Hata akiwa amelala, niache nimtazame tu."

"Mama hali yake ni ileile. Hatambui mtu. Juzi juzi tu kamrushia mgeni sahani. Sitaki uumie moyo bure."

"Maskini! Na hata kesho kwenye posa hatakaa na watu?"

"Atakuwa chumbani. Ndivyo alivyoamua mwanawe."

Bi Saumu akasogeza pazia.

"Sahani gani?" aliuliza.

Aliuliza kwa sauti ya chini, sauti ya mtu aliye karibu yako, na hiyo ndiyo iliyomtisha Yasmini kuliko kelele zote alizowahi kuzisikia kutoka kwa mama mkwe wake. Akageuka mdomo wazi.

"Nakuuliza, Yasmini. Sahani niliyomrushia mgeni ilikuwa ya bati au ya udongo? Na mgeni mwenyewe ni nani, nimwombe radhi?"

Veneranda alikuwa na mkungu wa ndizi begani. Aliuachia ukaanguka kizingitini. "Mama Sefu! Unanijua?"

"Nisikujue una nini, Mama Feliksi? Wewe ndiye uliyeacha kunijua. Miaka yote hii hata salamu."

"Mimi?" Veneranda alipandwa na hasira papo hapo. Aliingia ndani bila kukaribishwa. "Mimi niliyeacha? Muulize huyu nimesimama mlangoni hapa mara ngapi! Mara umelala, mara umepelekwa kwa mganga, mara umegeuka mtu wa kung'ata watu! Mwisho akaniambia hata nikikuona sitakutambua. Nimekuombea misa, Mama Sefu! Nimesimamisha kanisa zima la Kalinzi kukuombea, kumbe uko hapa unakula ugali!"

Wakatazamana. Kisha wakashikana, wanawake wawili wazito, wakalia kwa hasira. Walikuwa na hasira na miaka iliyopotea, na kila mmoja alikuwa ameyaamini maneno mabaya juu ya mwenzake.

Bi Saumu ndiye aliyejiondoa kwanza. "Umesema posa. Posa ya nani?"

"Ya Hadija. Si ndiyo sababu nimeleta ndizi? Huyo kijana, Mwalimu Abdulmajid, anafundisha sekondari ya kwetu, na amepanga nyumba yangu ya uani. Mtu wa heshima. Aliponiambia binti ni wa Ujiji, nikauliza wa nani."

"Hadija yupi?"

Veneranda alishindwa kuelewa swali. "Hadija wako. Kitinda mimba wako."

Hadija alifanya kazi kwenye duka la dawa mjini Kigoma, alikuwa amepanga huko na mwenzake. Kila alipokuja nyumbani alimpigia mama yake kelele za shikamoo sikioni, akamwachia khanga au mafuta ya kupaka, akaenda. Jumapili iliyopita alikuwa hapo. Alikuwa amemkumbatia mama yake muda mrefu kuliko kawaida, akisema kitu ambacho Bi Saumu hakukisikia, na yeye akamjibu kwamba mafuta yamefika, ahsante.

"Binti yangu anaposwa kesho," Bi Saumu alisema polepole, "ndani ya nyumba yangu. Na mimi nifungiwe chumbani na sahani ya pilau."

"Mama, si mimi niliyeamua," Yasmini alianza kulia. "Ni Sefu. Alisema utatuaibisha mbele ya watu, utajibu mambo yasiyoulizwa. Na mimi, mama... hujui ilivyo. Kutwa nzima napiga kelele. Nikikuambia maji yamechemka unaniambia mume wako alikuwa mrefu. Koo langu linawaka. Nimechoka."

"Umechoka. Sawa, hilo nimelisikia, na ninakuamini. Lakini kuchoka na kusema mimi ni kichaa, vinahusiana wapi? Ningekuwa kipofu, ungesema nimekufa?"

Yasmini akainama kuuokota mkungu wa ndizi kizingitini.

Sefu alirudi jioni, ana chumvi ya jasho kwenye shati na amechoka na ziwa. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwenye meza ya televisheni. Akainua kitambaa cha mezani, akachungulia nyuma. Alipogeuka, mama yake na Veneranda walikuwa wamekaa kwenye kochi wanamtazama, na Yasmini amesimama kando akikunja na kukunjua mtandio.

"Unatafuta hizi?" Bi Saumu akafungua ushungi.

Sefu aliziona. Rangi ikambadilika. Alianza kufanya ishara kwa mikono, kwa mazoea, kidole kwenye sikio, kiganja wazi.

"Shusha mikono. Sema kama watu. Nakusikia."

"Mama... unanisikia?"

"Tangu Alhamisi. Nimesikia kwamba mimi ni mwili tu. Nimesikia kwamba bila hizi ungekuwa umeshahamia Bangwe. Nenda, Sefu! Nani kakushika? Bangwe kuna nyumba za kupanga."

"Mama, maneno yale—"

"Daktari alikuambia nini kuhusu masikio yangu? Si ulikuwepo? Alisema viko vifaa, nitafutiwe. Ulimjibu nini?" Alisubiri. Sefu alitazama chini. "Nilipotaka nikusikie wewe, ulisema tutaangalia. Ulipotaka usinisikie mimi, ulikwenda dukani siku hiyohiyo! Na kifaa ni kilekile, mwanangu! Kilikuwa mfukoni mwako, unakaa nacho mbele yangu kila jioni, umekigeuza upande!"

"Sikujua kama zinaweza kukusaidia. Wallahi sikujua."

"Hukujua kwa sababu hukujaribu. Na Hadija? Hilo nalo hukujua? Wewe ni walii wake, sawa, baba yako hayupo. Lakini walii si mama. Umemwambia binti yangu nini?"

Sefu alikaa kwenye kigoda. "Nilimwambia umekubali. Alitaka akuambie mwenyewe, nikamwambia nimeshakueleza na umefurahi." Alijifuta uso. "Mama, niliona ni aibu kwako pia. Watu wa posa wanakuja, wewe unapiga kelele, wanakucheka. Nilikuwa nakulinda. Mimi nakupenda, mama, wewe mwenyewe una—"

Ndani ya sikio la Bi Saumu yule mwanamke wa Kizungu akasema neno lake. Pakalia mlio. Mdomo wa Sefu uliendelea kucheza bila sauti.

Bi Saumu akainua mkono. "Subiri."

Alizitoa eafoni zote mbili bila haraka, akazilaza kwenye kikasha, akakifunga, akakiweka mezani katikati yao, akakunja mikono.

Sefu alisema kitu. Mama yake akafumba macho. Sefu akanyanyuka, akamsogelea aongee karibu na shavu, Veneranda akamsukuma kwa kiganja, akarudi kwenye kigoda. Hapakuwa na la kufanya. Mtu mzima, wakala wa mizigo anayepigiwa simu na wafanyabiashara wa Bujumbura, alikaa pale akisubiri masikio ya mama yake yapate chaji. Yasmini alikwenda kupika chai akaileta, hakuna aliyeinywa. Hadija, ambaye Veneranda alikuwa amempigia simu mchana, akaingia na kukuta watu wanne wamekaa kimya wanatazama kikasha cheupe, akadhani kuna msiba. Akafungua mdomo kuuliza, Veneranda akamwonyesha pa kukaa.

Bi Saumu alipoona inatosha, alizivaa tena, akaminya, akasikiliza kidogo pumzi za watu.

"Haya, endelea," akamwambia Sefu. "Ulikuwa unasema unanipenda."

Sefu alishindwa. Maneno yaliyokuwa yakimtoka kwa wepesi mwanzoni hayakurudi. Aliinama, akaweka kichwa magotini mwake mwenyewe, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya kilio kibaya, cha mwanamume asiyejua kulia. "Nisamehe, mama."

"Sijui," alisema Bi Saumu. "Bado nina hasira. Nikimaliza nitakuambia."

Kesho yake wajumbe wa posa walimkuta amekaa ukumbini mahali pake, khanga mpya, Veneranda pembeni yake. Eafoni zilikuwa zimeshiba usiku kucha. Lakini mambo hayakuwa mepesi. Watu walipojaa, kila kitu kiliingia sikioni kwa pamoja, vijiko, watoto, redio ya jirani, viti, na sauti zikawa kama mchanga unaomwagwa. Kichwa kilimuuma. Hata hivyo hakutoka. Aliagiza redio izimwe, akawaambia wageni, kwa adabu, "Ndugu zangu, mimi masikio yangu yana ugonjwa. Naomba aseme mmoja, akimaliza aseme mwingine." Mjumbe, mtu wa makamo mwenye koti, akasema hakuna shida, na kikao kizima kikatulia namna ambayo Sefu hakutegemea. Hakuna aliyecheka.

Mjumbe alieleza walichokuja nacho. Sefu akajibu kama walii, sauti yake imepungua. Kisha akageuka. "Na mama yetu yupo. Yeye aseme."

Bi Saumu alimtazama Abdulmajid, kijana mwembamba mwenye kanzu iliyopigwa pasi mpaka mikunjo inakata.

"Mwalimu, mimi nina swali moja. Hadija akizeeka akawa kama mimi, hasikii, utamfungia chumba kipi?"

Mjumbe akakohoa. Sefu alifumba macho. Nyuma ya pazia, walikokaa wanawake, mtu alivuta pumzi kwa nguvu.

Abdulmajid alikuwa amejiandaa kwa maswali ya dini, ya kazi na ya ukoo. "Mama," alisema mwishowe, "kusema kweli sijawahi kulifikiria hilo. Nikikujibu sasa hivi nitakuwa natunga."

"Nenda kalifikirie. Ukishalifikiria, rudi."

Wageni walikula, wakaaga kwa heshima, wakaondoka bila jibu. Hadija alimfuata mama yake chumbani, macho mekundu, akafunga mlango.

"Umenifanya nini, mama? Mbele ya watu wote! Hasira zako na kaka, mimi nimeingiaje?"

"Na wewe umeingia. Kaka yako alikuambia nimekubali, ukaamini. Hukujiuliza mama mwenyewe mbona hasemi? Unaolewa na mtu nisiyemjua hata jina, unaniachia mafuta ya kupaka?"

Hadija akakaa kitandani. Bi Saumu akahofia chaji itakwisha kabla hajasema.

"Nilijaribu," Hadija alisema. "Jumapili ile nilikuambia sikioni kwamba nimepata mtu. Nilisema mara mbili. Ukaniambia mafuta yamefika. Sasa ningefanya nini, nipige kelele? Mambo mengine mtu hawezi kuyapigia kelele, mama. Majirani wote wangesikia. Nikaona basi, kaka atajua la kufanya."

Hasira ya Bi Saumu, iliyokuwa imesimama wima tangu Alhamisi, ilitafuta mahali pa kukaa ikakosa. Alisogea akaketi kando ya binti yake.

"Yuko vipi?" aliuliza.

Hadija alijifuta pua. Akaanza kueleza jinsi alivyokuja dukani kununua dawa ya kikohozi ya mwanafunzi wake, akarudi kesho yake kununua nyingine, na kesho yake tena, mpaka akamwambia huyo mwanafunzi ama amepona ama amekufa. Alieleza kwa sauti ndogo, sauti ya chumbani, kichwa amekiegemeza kwenye bega la mama yake. Bi Saumu alicheka mahali pa kucheka. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Waliongea mpaka Yasmini alipogonga mlango, akangoja aitikiwe, kisha akasema bila kupaza sauti kwamba chakula cha mama kiko tayari, ale ukumbini au aletewe humu?

"Ukumbini," alisema Bi Saumu. "Na wewe ukae, tule wote."